Mtaro Mbele ya Kibanda cha Mama Nafula

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi ya faiba leo mna bahati moja ambayo sisi hatukuipata: makosa mengi tumeshayafanya kwa niaba yenu. Baadhi niliyafanya mimi mwenyewe, tena kwa bidii, na kwa mengine nikapigiwa makofi. Naitwa Muthoni. Kwa miaka mingi kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kupanga miradi ya kufukia kebo za faiba, zile za intaneti, hapa Nairobi: nani achimbe wapi na lini, paipu ziletwe siku gani, mafundi wa kuunganisha wafuate nyuma baada ya muda gani. Mkiniuliza nilijifunzia wapi, nitasema chuoni, kwa sababu ndivyo cheti kinavyosema. Lakini yale niliyoyatumia hasa niliyapata Kangemi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nauza mboga.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Wakati huo ukienda saiba mjini, kwenye kompyuta za kukodi, ulifungua barua pepe, ukatoka kwenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inafunguka. Kila ofisi ilikuwa inaililia faiba. Kampuni yetu ya ukandarasi ikapewa kazi ya kutandaza kebo kutoka jengo moja katikati ya jiji, ipite Westlands, ifuate Waiyaki Way hadi kituo kilichokuwa mbele kidogo ya Kangemi. Kutoka hapo ingegawanywa kwenda mitaa ile ya magharibi yenye nyua za maua na mbwa wasiopenda wageni.

Mkurugenzi wetu alikuwa Bwana Gitau, mtu mwema aliyependa mambo mawili: kasi, na kuonyesha watu kasi. Nilimchorea mpango wa kazi uliojaza ukuta mzima wa ofisi yetu ya ghorofa ya saba. Ulikuwa na milia ya rangi: ya kijani kwa kuchimba, ya buluu kwa paipu, ya njano kwa kebo. Wageni waliletwa kuutazama. Nadhani wengine walidhani ule mchoro ndio mradi wenyewe.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa. Huyo alikuwa Mzee Wekesa, nyapara wetu. Alitoka Bungoma, akaja Nairobi akiwa kijana, akachimba mitaro ya mabomba ya maji miaka na miaka kabla mtu yeyote hajasikia neno faiba. Alisimama mbele ya ukuta wangu, kofia mkononi.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni mpango wa kazi, mzee."

"Na hapa Kangemi, kwa kuvuka barabara, mbona ni kakitu kadogo hivi?"

"Hicho ni kibali. Wiki moja."

"Wiki moja ya nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alivaa kofia yake akaenda kugawa majembe.

Wazo langu lilikuwa zuri sana kwa macho. Badala ya kundi moja kuanza mjini na kusonga polepole, nilipeleka makundi matano ya vibarua yaanze mahali patano siku moja. Kila jioni nilihesabu mita zilizochimbwa na kuzipaka kijani ukutani. Ukuta ukawa kijani kama shamba la chai. Bwana Gitau akapita, akapiga mluzi.

"Muthoni, wewe unachimba kama fuko!"

Nilifurahi. Sikufikiria kwamba fuko hachimbi ili kufika popote.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mtateleza kama mimi. Mtaro si kazi iliyokamilika. Mtaro ni nusu ya kazi, tena ile nusu inayomkera kila mtu. Faiba inapitisha mwanga, na mwanga huo unataka njia nzima, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Ukikosa hatua ishirini tu katikati, huna mtandao. Una shimo refu. Hatua zangu ishirini zilikuwa pale Kangemi, ambapo kebo ilipaswa kuvuka chini ya lami kwenda upande wa pili. Kwa hizo nilihitaji kibali, na ombi la kibali niliwapelekea wahusika wa barabara baada ya kuanza kuchimba, kwa sababu ukutani kilikuwa na kile kimstari chake kidogo cha wiki ya tatu.

Karani aliyepokea ombi langu alilirudisha baada ya siku chache. Hakunifokea wala hakudai chochote. Alinionyesha mchoro wangu kwa ncha ya kalamu.

"Madam, barabara naiona. Paipu naiona. Kina kiko wapi? Hii paipu inapita chini ya lami ama juu ya magari?"

Nilikuwa nimesahau kuandika kina. Mimi, mwenye ukuta wa rangi. Nikarudi kuchora upya, likarudishwa tena kwa kuwa sikuonyesha bomba la maji linapita wapi, nikaenda kutafuta ramani ya mabomba, na hivyo wiki moja ikazaa nyingine.

Wakati huo mtaro ulikuwa wazi kuanzia Westlands hadi mbele ya soko la Kangemi. Niliamuru usifunikwe. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kebo ingevutwa kwa kipande kirefu kimoja, ili tusiwe na maungio mengi, basi kufukia leo na kufukua tena kesho ni kupoteza nguvu. Tuliweka mbao ili watu wavuke. Mzee Wekesa alinifuata pale kando ya barabara, akaniomba jambo moja.

"Madam, mvua iko karibu. Tufunike tu hapa kwa soko."

"Tukifunika, mzee, si tutachimba tena?"

"Ndio. Tutachimba tena."

"Sasa hiyo si ni kazi mara mbili?"

Aliutazama mtaro, akanitazama mimi. "Sawa, madam."

Nyapara mzee akikuambia "sawa, madam" kwa sauti ile, tafadhali simamisha kila kitu, uvute kiti, umuulize anafikiria nini. Mimi nilisema asante nikarudi ofisini.

Mvua ilinyesha siku ya tatu, mchana. Simu yangu ikalia; alikuwa mmoja wa vibarua.

"Madam, kuja. Kuna mama ameanguka ndani."

Niliposhuka Kangemi, watu walikuwa wamejaa. Mtaro ulikuwa mto wa maji mekundu, na ubao mmoja ulikuwa ukielea. Mama aliyeanguka walishamtoa. Alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, mguu mmoja umenyooshwa, kifundo kimevimba kama chungwa. Alikuwa muuza mboga mwenye kibanda pale pale, wakimwita Mama Nafula. Alikuwa anavuka na gunia la kunde kichwani, ubao ukateleza kwenye tope.

"Ni huyu! Huyu wa kofia nyeupe ndiye mwenye mtaro!" mtu akapaza sauti.

Umati ukanigeukia.

"Muacheni akuje," Mama Nafula akasema. Watu wakanipisha. Alinikagua kuanzia kofia yangu safi hadi buti zangu safi. "Wewe ndiye ulisema hii shimo ikae wazi?"

Nikaanza kutafuta jibu lenye watu wengi ndani yake: kampuni, kibali, mvua, aliyeweka ubao. Mzee Wekesa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, amelowa hadi shingoni kwa kumtoa mama majini. Neno moja tu kutoka kwake lingenimaliza. Hakulisema. Alitazama chini.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Niliambiwa ufunikwe, nikakataa."

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa uongo, na sasa hawakujua wafanye nini. Tukambeba hadi kwenye gari la kampuni, tukampeleka hospitali. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Akafungwa plasta.

Kesho yake asubuhi nilimtembelea chumbani kwake, nyuma ya soko. Nilibeba sukari, unga, na hotuba ya kuomba msamaha niliyoitunga njiani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sukari nitakunywa," akasema. "Lakini mboga yangu iko kwa gunia tangu jana. Kesho itakuwa maji. Nani atauza?"

"Nitakutafutia mtu, mama."

"Mtu gani? Kwani wewe si mtu?"

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kigoda chake, na leso yake kiunoni, mafungu ya kunde, mrenda na terere mbele yangu, na mbele ya mafungu hayo, mtaro wangu. Mzee Wekesa na vibarua walikuwa wakitoa maji na kuufukia. Mara kwa mara nilisikia mtu akikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko.

Wateja walikuja. Hawakunijua.

"Mama Nafula ako wapi?"

"Alianguka kwa mtaro, amevunjika mguu."

"Woi! Hawa watu wa internet hawana akili hata kidogo. Aliyepanga hii kazi anafaa kuzikwa humo ndani."

"Ni kweli kabisa," nikasema, nikimfungia kunde. "Nikuongezee?"

Nilikaa pale siku tatu. Hakuna mkutano wa tathmini niliowahi kuhudhuria uliokuwa wa wazi kama ule. Na kwa kuwa kigodani hakuna la kufanya kati ya mteja na mteja, nilianza kuona. Niliona kwamba mboga za jumla huletwa alfajiri na mikokoteni, na hadi saa tatu hakuna mahali pa kuweka hata mguu. Kumbe vibarua wangu niliwapanga waanze kuchimba hapo saa moja kamili. Niliona kwamba kuanzia saa nne hadi saa tisa pale hupoa, wauzaji wanasinzia, na ndio wakati mtu angeweza kuchimba, kulaza paipu na kufukia bila kumsumbua yeyote. Habari hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote. Mtu angeipata kwa kununua mboga.

Siku ya pili Mama Nafula aliletwa na jirani yake, akakaa kando yangu, mguu juu ya kreti, ili anisimamie. Alisema nafunga mafungu makubwa mno, nitamfilisi. Kisha akaona vibarua wakipima mahali mtaro wa kuvuka barabara utakapoanzia.

"Waambie wasichimbe hapo. Paipu ya maji inapita."

"Ramani inaonyesha iko ng'ambo ya barabara, mama."

"Ramani ilikuwa hapa wakiiweka? Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza."

Mzee Wekesa aliacha sururu, akashuka na jembe dogo, akakwangua polepole kwa mkono. Baada ya muda tukasikia chuma. Lilikuwa bomba kubwa, pale pale alipoonyesha. Kama sururu ingelipata kwanza, Kangemi nzima ingekosa maji, na sidhani kama kofia yangu nyeupe ingerudi mjini. Karani wa vibali naye alipata jibu alilokuwa akilingojea kuhusu bomba.

Siku hiyo hiyo, kwa kuwa mambo hayaji moja moja, Bwana Gitau akafika na wageni kuwaonyesha kasi. Alishuka kwenye gari, suti ya kijivu, akatazama huku na huko akitafuta ule mtaro maarufu. Ulikuwa umefukiwa. Kisha akaniona.

"Muthoni?"

"Karibu mboga, bosi."

Mgeni mmoja akanunua terere. Bwana Gitau alinivuta kando.

"Unafanya nini hapa? Na ni nani amesema mitaro ifukiwe? Unarudisha mradi nyuma!"

"Bosi, mita zote tulizochimba hazijapitisha hata barua pepe moja. Tumemvunja mama mguu, tumekosa kibali, na tulikuwa tunakaribia kukata maji. Ukuta ndio umeendelea. Mradi haujaanza."

Nilidhani nimefutwa kazi. Akaiangalia plasta ya Mama Nafula, na Mama Nafula akamwangalia yeye, bila haraka.

"Utahitaji muda gani?" akauliza.

"Niulize baada ya kibali kutoka."

Niliubandua ule mpango ukutani kwa mkono wangu. Kabla ya kuchora mwingine nilitembea njia nzima na Mzee Wekesa, kwa miguu, kutoka mjini hadi mwisho. Ilituchukua siku mbili, kwa sababu yeye alisalimia kila mtu na kila aliyesalimiwa alijua kitu: huyu anajua mahali maji hutuama, yule anajua waya wa stima uliofukiwa bila alama. Tukapanga upya. Vivuko vyote vya barabara vikaja kwanza, na hatukugusa jembe mahali popote hadi kibali cha mahali hapo kiwe mkononi. Tukafungua urefu ambao tungeweza kuufukia siku hiyo hiyo, na jioni nyapara alinipigia simu kuniambia umefungwa, si umefunguliwa. Nilichopaka rangi sasa ni mita zilizofunikwa. Zilikuwa chache. Bwana Gitau aliacha kuleta wageni.

Msidhani niliacha kukosea. Kule Ngara, kwenye kazi nyingine tuliyokuwa nayo, tulifukia kebo vizuri kabisa, tukarudisha na vigae vya njia ya miguu, wenye maduka wakatusifu. Fundi akaja na kifaa chake cha kupima mwanga, akabonyeza, akakunja uso. Kebo ilikuwa imekatika ndani kabla hata ya kutoka kwenye gurudumu la mbao inalozungushiwa kiwandani. Ilikuja imekufa, nasi tukaizika kwa heshima. Tangu siku hiyo kila kebo ilipimwa ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu, mbele ya macho yangu, na baada ya kuvutwa ikapimwa tena. Ni kazi ya dakika chache. Wenye maduka wa Ngara hawakutusifu mara ya pili.

Tulimaliza kwa kuchelewa, lakini hakuna mtu mwingine aliyeanguka. Mchana tuliojaribu njia nzima, fundi alikuwa mjini na mimi nilikuwa kituoni mbele ya Kangemi, simu sikioni. Kwenye kioo cha kifaa changu cha kupima mwanga ukatokea mstari mmoja, umenyooka, bila kuvunjika popote. Mzee Wekesa akachungulia.

"Na mwanga wenyewe uko wapi?"

"Hauonekani kwa macho, mzee."

"Miezi yote hii," akasema, "na hauonekani." Lakini niliona ameng'ang'ania pale pale, haondoki mbele ya kile kioo.

Nikiwa narudi mjini nilisimama kwa Mama Nafula kumpa habari. Mguu ulikuwa umepona, ila alichechemea kidogo, na huchechemea hadi leo. Hilo sikulirekebisha kwa mpango wowote.

"Sasa imefika?" akauliza.

"Imefika, mama."

"Mimi nitaipata lini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwenye mkutano wowote. "Haishuki hapa," nikasema. "Inaenda huko mbele. Hapa inapita tu."

"Inapita tu?"

"Inapita."

Alinyunyizia mboga zake maji, fungu moja baada ya jingine. "Hata basi ya kwenda Kisumu husimama hapa," akasema.

Nilimpelekea Bwana Gitau swali hilo. Alicheka kwa upole, akaniuliza nani Kangemi atanunua intaneti. Sikubishana naye. Kazi yetu ina jambo moja la halali kabisa: kila baada ya umbali fulani unaacha kebo ya ziada, umeizungusha ndani ya chemba, lile shimo la zege lenye kifuniko, ili siku ikikatika uwe na pa kuvutia. Nikaona kwamba usalama wa mtandao unadai chemba moja Kangemi, karibu na soko. Nikaona pia kwamba usalama huo huo unadai tuweke na maungio hapo, yenye nyuzi kadhaa ambazo hazina mwenyewe. Nikaweka sahihi yangu kwenye oda ya kazi; nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi mkubwa sana kuhusu usalama.

Mzee Wekesa alikuja na vibarua saa nne asubuhi, soko lilipopoa.

"Madam, hii chemba iko kwa ramani?"

"Itakuwa kwa ramani ukishaichimba, mzee."

"Sawa, madam," akasema, na safari hii sauti ilikuwa nyingine kabisa.

Haukupita muda mrefu. Kwanza alikuja mwenye saiba ya ghorofani, akitaka kuunganishwa. Kisha zahanati, kisha shule, kisha wakala wa kupokea na kutuma pesa. Kila mmoja aliunganishwa siku moja kutoka ile chemba, wakati maeneo mengine yalisubiri wiki kadhaa mitaro ichimbwe. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka Bwana Gitau alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akaonyesha Kangemi kwenye ramani.

"Wengi hawakuamini," akasema. "Lakini mimi nilisisitiza tangu mwanzo kwamba Kangemi isisahauliwe. Katika kazi yetu lazima kiongozi aone mbali."

Ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na Mzee Wekesa. Akainama karibu na sikio langu.

"Piga kwa nguvu, madam," akanong'ona. "Wasije wakauliza nani aliweka sahihi ya ile chemba."

Nilipiga hadi viganja vikaniwasha.